Siri ya Mgonjwa ni Amana

Katika mtaa wa Donholm, mashariki ya Nairobi, watu wengi hukaa katika magorofa, ukuta kwa ukuta, na habari ya nyumba moja huwahi kufika nyumba ya pili.

Mwezi wa Septemba, 2023, Serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vyombo vya kupimia shinikizo la damu na sukari, ili wawazungukie watu majumbani. Lakini mkoba peke yake hautoshi. Mhudumu mwema hubisha hodi, hungoja akaribishwe, na hueleza kazi yake. Hapimi mtu mlangoni mbele ya majirani, wala hasimulii kwingine aliyoyaona. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yaamuru siri ya mgonjwa itunzwe.

Mama mwenye ugonjwa wa sukari akisikia habari zake zikitajwa dukani, hatafungua mlango tena. Na ugonjwa huo, usipoangaliwa, huharibu macho na figo kimya kimya.

Wenyeji nao wamsaidie mhudumu: wasimwulize habari za jirani.