Rufaa za askari wastaafu Marekani: Kuchelewa ndiko kunakogharimu umma

SHERIA inayowapa askari wastaafu wa Marekani kipaumbele katika ajira za serikali kuu ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt mnamo Juni 1944, vita vikiwa bado vinarindima. Chini ya utaratibu huo, askari anayestahiki huongezewa alama 5 katika mchujo wa kazi, naye aliyepata ulemavu akiwa kazini huongezewa 10.

Mzozo huzuka pale mwombaji anapoamini kwamba haki hiyo imepuuzwa. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1998, sharti kwanza alalamike kwa Wizara ya Leba kabla ya siku 60 kupita. Wizara nayo hupewa siku 60 kutafuta suluhu. Ikishindwa, mlalamishi anaweza kukata rufaa kwa bodi huru ya wanachama 3 inayolinda haki za watumishi wa umma, na hatimaye kufika mahakamani.

Mlalamishi hatozwi ada kufungua rufaa mbele ya bodi. Hata hivyo, mpelelezi wa wizara, mawakili wa idara inayoshtakiwa na hakimu wote hulipwa na mlipa ushuru. Bodi hiyo, ambayo husikiliza kesi nyingine nyingi za watumishi, imekuwa ikitengewa karibu dola milioni 50 kwa mwaka.

Ingekuwa kosa kuichukulia gharama hiyo kuwa sababu ya kubana haki ya rufaa, kwani hasara kubwa hutokana na kuchelewa. Kuanzia Januari 2017 hadi Machi 2022, bodi haikuwa na akidi kwa sababu viti vyake havikujazwa. Mahakimu waliendelea kutoa maamuzi ya awali, lakini maombi ya kuyapitia upya yalirundikana hadi kuzidi 3,500. Mwaka 2025 akidi ilipotea tena kwa miezi kadhaa, baada ya Rais Donald Trump kumfuta mwanachama mmoja na mwingine kustaafu.

Askari akishinda, anaweza kulipwa mishahara aliyoikosa pamoja na ada za wakili. Ikithibitika kwamba sheria ilivunjwa makusudi, fidia ya mishahara huongezwa maradufu. Hivyo basi, kila mwaka wa kusubiri unaweza kuongeza deni la serikali.

Naye askari hana uhakika wa kufaidi. Kipaumbele si ahadi ya kazi, na mara nyingi mshindi huamuriwa tu kwamba mchujo urudiwe. Baada ya miaka mitano, huenda nafasi yenyewe haipo tena.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuwafunza maafisa wa uajiri kuhesabu alama sawasawa, na kujaza viti vya bodi kwa wakati, ni nafuu kuliko kulipia kosa lilelile mara mbili.