MAREHEMU HALI MSHAHARA!



Tusidanganyane. Wapo kati yetu wanaosema yule karani anayekagua mishahara ya serikali, kazi yake kunywa chai na kuchelewesha haki za watu. Uongo mtupu! Karani yule analinganisha majina: huyu kaajiriwa lini, yuko kituoni, kastaafu au kafa? Akisinzia, marehemu anaendelea kulipwa. Na marehemu hali. Anayekula ni kupe aliye hai, pengine mwenyewe ndiye mwenye kalamu ya kuidhinisha.

Machi 2016 Rais Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 wawataje wafanyakazi hewa. Shinyanga ikajibu hatuna hata mmoja. Ikakaguliwa upya, wakaonekana 45, na kazi bado haijaisha! Aprili ile mkuu wa mkoa akaondolewa. Nchi nzima mwaka ule walipita 10,000. Hao kompyuta haikuwazaa, ati. Kuna mtu hakupeleka taarifa ya kifo, na mwingine akatia sahihi bila kusoma.

Haya, turudi hapa kwetu. Orodha ya malipo ya mazao inakaguliwa na nani? Wazee wawili tuliowazika wenyewe bado wamo. Ukiuliza, unaambiwa eti makosa ya kuandika. Mara mbili? Hela hiyo imetoka kwenye makato ya gunia lako na langu. Kabla ya mkutano, orodha ibandikwe ukutani hapahapa, jina kwa jina, kilo kwa kilo. Asiyetaka aje atueleze sababu.