Ramani ya Masisi na Walikale isifutwe na aliye mbali

OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, ina desturi ambayo wengi hawaijui: yeyote mwenye akaunti anaweza kuibadilisha, na badiliko lake linaingia papo hapo. Kwenye mradi wa Linux si hivyo. Kule kila kipande cha programu kinapita kwa wasimamizi, ngazi kwa ngazi, hadi kwa Linus Torvalds. Mabishano yanafanyika mlangoni. Kwenye ramani, mabishano yanaanza mtu akiwa amekwisha kuingia.

Kwa mji kama Paris hilo si neno. Kwa Masisi na Walikale ni neno kubwa, kwa sababu mashirika ya misaada yanaitegemea ramani hiyo. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka na wenzao walianzisha Missing Maps, na wanaojitolea kutoka nchi za mbali huchora nyumba na barabara kwa kuangalia picha za satelaiti. Kazi njema, hakuna ubishi.

Shida iko kwenye sheria yao kuu: kinachoonekana uwanjani ndicho kinachochorwa. Sheria hiyo inadhani watu wako nyumbani. M23 waliingia Masisi-centre Januari 2025, wakafika Walikale-centre Machi 19, kisha wakaondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Wakaaji walikimbia, wengine wakarudi, wengine wakakimbia tena. Kijiji kikichomwa, msimu mmoja wa mvua unatosha majani kufunika misingi ya nyumba. Aliyeketi Ulaya akiona pori, anafuta. Kwa sheria hajakosea. Lakini kijiji kisichoonekana ni rahisi kusahauliwa chanjo inapopangwa, na mwenyeji akirudi kudai shamba lisilo na karatasi, ataambiwa hapo hapakuwa na watu.

Majina nayo ni moto. Kilima kimoja Masisi kinaweza kuwa na jina la Kihunde na jingine la Kinyarwanda. Mmoja akiandika, mwingine akabadilisha, wa kwanza akirudisha, nani ataamua? Lipo kundi la wanaojitolea, Data Working Group, lenye uwezo wa kurudisha data na kufunga akaunti. Ila mwaka 2018 kundi hilo liliamua Crimea ionyeshwe ndani ya Ukraine pekee, na wiki chache baadaye bodi ya wakfu ikautengua uamuzi huo. Ikiwa Crimea iliwashinda, itakuwaje kilima cha Katoyi?

Kufunga mlango wote kama Linux kungeua ari. Walikale ingebaki karatasi nyeupe. Kuongeza kuendelee kuwa huru. Kufuta kijiji au kubadilisha jina ndiko kungoje neno la wachoraji Wakongomani, na mjadala ukubaliwe kwa Kiswahili. Kijiji kilichohamwa kinaweza kuwekewa alama ya kuhamwa badala ya kufutwa, na jina la pili lina nafasi yake kwenye data. Kuhusu barabara, waulizwe wamotari wanaosukuma pikipiki kwenye matope kati ya Masisi na Walikale. Satelaiti haijui tope.

Historia ya kila badiliko huhifadhiwa, kwa hiyo kijiji kilichofutwa kinaweza kurudishwa hata leo. Anayejua kilikuwa wapi pengine yuko kwa jamaa zake Goma, na hajaambiwa kama kimefutwa.