Wati Nyingi, Sauti Hafifu

Kuna maradhi yaliyotuingia sisi wanunuzi wa vyombo vya muziki hapa Busia, nayo ni maradhi ya wati. Mtu akiingia dukani, upande huu wa mpaka au ule wa Uganda, swali lake ni moja tu: hii ina wati ngapi? Muuzaji humwonyesha tarakimu nene zilizochapwa juu ya boksi, na biashara huishia hapo.

Mwezi uliopita nilialikwa nyumbani kwa mwalimu wangu wa zamani, mzee aliyestaafu na kujenga kando ya barabara ya Nambale. Tangu ujana wake alitamani kusikiliza rumba sebuleni kwa sauti safi. Malipo yake ya uzeeni yalipotoka, alijinunulia amplifaya ya wati 500, ya aina itumiwayo makanisani na katika sherehe. Akaiunganisha na priamplifaya ya nyumbani aliyokuwa nayo kwa miaka mingi, yaani kile chombo cha mbele kinachopokea sauti changa kutoka kwenye kaseti au redio na kuilea kabla ya kuikabidhi amplifaya yenyewe.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kusikitisha. Alipozungusha kitufe hadi mwisho, kilichoongezeka zaidi ni mvumo, mfano wa mvua ya rasharasha juu ya mabati. Fundi aliyeitwa alitoa hukumu papo hapo: wati hazitoshi. Mzee wa watu akatoa pesa nyingine, akanunua amplifaya ya wati 1,000. Hali ikawa karibu ile ile.

"Kijana wangu," akaniambia, "umeme nilikufundisha mimi mwenyewe. Hebu niambie nimekosea wapi."

"Mwalimu," nikamjibu, "tusome kwanza vijitabu vilivyokuja na vyombo hivi."

Naam, jibu lilikuwa limeandikwa humo. Kila amplifaya hudai kiasi fulani cha volti kwenye mlango wake wa kuingilia ndipo itoe nguvu zake zote. Ya Mwalimu ilidai volti 1.4. Priamplifaya yake, kama vyombo vingi vya nyumbani, ilitoa volti 0.3 tu. Juu ya hayo, ukinzani wake wa ndani ulikuwa omu 5,000, ilhali ukinzani wa mlango wa amplifaya ulikuwa omu 10,000. Mwanafunzi aliyesoma Kanuni ya Ohm ataona mara moja kwamba volti hizo zitagawanyika: thuluthi moja hupotea ndani ya priamplifaya, thuluthi mbili ndizo zinazovuka. Zilizofika basi ni volti 0.2, sehemu moja kwa saba ya zilizohitajika. Na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, wati 500 hazina budi kugawanywa kwa 49. Mwalimu alikuwa akisikiliza wati 10! Ile ya wati 1,000, iliyodai volti zile zile, ilimpa 20, tofauti ambayo sikio la binadamu huihisi kwa shida.

Sisi wa Busia hatukustahili kukosea hesabu hii. Mji huu ndio uliolizaa neno bodaboda, kwa sababu ya baiskeli zilizovusha watu na mizigo yao kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Tuliona shehena zikikaguliwa mara mbili hadi kituo cha pamoja kilipofunguliwa rasmi Februari 2018. Tunajua, kuliko wengi, kwamba mzigo unaweza kuondoka salama na kuharibika mpakani. Kati ya priamplifaya na amplifaya pana mpaka vilevile, nao hauandikwi juu ya boksi.

Dawa yake si ghali. Ukinzani wa anayepokea na uwe angalau mara kumi ya ukinzani wa anayetoa, na volti zinazotolewa zitoshe zinazodaiwa. Priamplifaya yenye ukinzani wa omu 100 ikiunganishwa na mlango wa omu 10,000 hupoteza takriban asilimia moja tu. Aidha, ukinzani wa anayetoa ukiwa mkubwa na waya ukiwa mrefu, sauti nyembamba ndizo hufifia kwanza, na matoazi yakasikika kama yamefunikwa blanketi. Wako wanaoshikilia kwamba lazima vyombo vyote viwili viwe vya kampuni moja. Siafikiani nao; tarakimu zikipatana, jina si hoja. Asiyetaka taabu hii na anunue chombo kimoja chenye vyote viwili ndani, wala hakuna aibu.

Lawama yangu hasa naielekeza darasani, na mimi mwenyewe simo nje yake. Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827, alikuwa ametumikia miaka mingi kama mwalimu wa shule mjini Cologne. Leo sisi walimu huchora ubaoni vikinzani viwili, tukadai jibu, tukafuta, wala hatumwambii mtoto kwamba vikinzani hivyo viko sebuleni kwao nyuma ya waya wenye vichwa viwili, chekundu na cheupe. Ndiyo maana mtu mwenye alama nzuri za fizikia huamini boksi linalojisifu kwa wati 3,000, ilhali bamba la nyuma lasema chombo chavuta wati 60 kutoka ukutani. Kanuni ya uhifadhi wa nishati aliijibu katika mtihani, akaiacha huko huko. Ningependa kila maabara ya shule iwe na amplifaya kuukuu, hata iliyokufa, pamoja na kijitabu chake, wanafunzi waikokotolee kama nilivyomkokotolea Mwalimu.

Yeye sasa ana priamplifaya itoayo volti 2, aliyoipata kwa bei ndogo kuliko ya amplifaya ile ya pili, na wati zake 500 hazifikii hata nusu ya kitufe. Ile ya wati 1,000 imerudishwa ndani ya boksi lake chini ya meza, na anaitafutia mnunuzi.