Kalamu na Bahasha





Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, baba mmoja wa jumuiya alituletea kijana wake aliyemaliza kidato cha sita. Kijana anataka kusomea uandishi wa habari, baba hataki. Sababu ya baba ilikuwa fupi: "Padre, kazi hiyo ama utauawa, ama utakuwa ombaomba wa wakubwa." Alitaka tumwambie kijana aache. Hatukumwambia. Lakini hatukuweza pia kumwambia mzee huyo kwamba amesema uongo, na tangu siku hiyo neno lake halijatutoka moyoni. Tafakari ya juma hili ni jibu letu kwao wote wawili.

Tuanze na mtu ambaye rika la baba huyo linamfahamu vizuri, Bwana Jenerali Ulimwengu. Baada ya nchi kurudi katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, yeye na wenzake walianzisha gazeti la Rai, na kampuni yao ikaongeza Mtanzania na mengine. Watu walizoea kusoma hotuba za viongozi zikiwa zimenakiliwa neno kwa neno. Hapa wakakuta hoja zinazopimwa. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba mtu huyo, aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia wa Tanzania. Baadaye alipata tena uraia, ila somo lilikuwa limekwisha kutolewa kwa kila mwenye kalamu. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ile ikapita mikononi mwa mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa pia mbunge wa chama tawala, na mwaka 2007 Ulimwengu na baadhi ya wenzake wakaanza upya kwa gazeti jingine, Raia Mwema.

Katika maandishi yake ya miaka mingi yapo mashitaka mawili anayoyarudia kwa namna mbalimbali. La kwanza ni kwamba siasa yetu imeacha kuwa utumishi, imekuwa biashara: mtu hutia mtaji ili apate cheo, na akishakipata hutafuta kurudisha mtaji pamoja na faida. La pili ni kwamba vyombo vya habari, ambavyo vingepaswa kuishitaki biashara hiyo, vyenyewe vimepanga meza sokoni. Wengine humwona mkali kupita kiasi. Sisi tunasema bila kusita kwamba katika yote mawili ana haki.

Nani asiyekumbuka takrima? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili mgombea aweze kuwakirimu wapiga kura kwa chakula, vinywaji na mengineyo bila kuhesabiwa kuwa ametoa rushwa. Sheria ya nchi ikaibatiza rushwa jina la ukarimu, na ukarimu ni fadhila inayothaminiwa sana hapa pwani. Ilichukua hadi Aprili 2006 Mahakama Kuu kutamka kwamba vifungu vile vilikuwa kinyume cha Katiba, na waliokwenda mahakamani walikuwa asasi za kiraia. Wakubwa walioitunga hawakuona haya kuitetea.

Sasa tulichukue neno la kwanza la baba yule: utauawa. Hakuota. Januari 2008 watu walivamia ofisi ya gazeti la MwanaHALISI jijini Dar es Salaam, wakammwagia tindikali usoni mhariri Saed Kubenea na kumkata kwa panga mwenzake, Ndimara Tegambwage. Tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, mbele ya askari waliokuwa wakitawanya mkutano wa chama cha siasa. Askari mmoja alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Machi 2013 Absalom Kibanda alivamiwa usiku akaumizwa vibaya. Novemba 2017 Azory Gwanda, aliyeandika habari za mauaji ya Kibiti, alichukuliwa asirudi nyumbani. Kibiti si mbali nasi, wapendwa. Mke na watoto wake wanaishi bila kaburi la kwenda kuliombea.

Pamoja na mikono ya watu ilikuwapo mikono ya sheria. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa kauli yake tu. MwanaHALISI lilifungiwa mwaka 2008, likafungiwa tena 2012. Mwaka 2013 zikafuata zamu za Mwananchi na Mtanzania. Ilipokuja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 tuliambiwa kwamba sasa uandishi utakuwa taaluma yenye heshima. Mwaka uliofuata magazeti yaliendelea kufungiwa, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Haki inatudai tuseme pia kwamba Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa kifungoni yalifunguliwa, na mwaka 2023 Bunge liliirekebisha sheria hiyo. Lakini Oktoba 2024 machapisho ya Mwananchi ya mtandaoni yalisimamishwa kwa siku 30. Mlango unaofunguliwa kwa hisani hufungwa kwa hasira.

Tunajua jibu linalotolewa daima: haya yote hufanywa kwa ajili ya amani na uzalendo, kwa kuwa waandishi wengine ni wachochezi. Jibu hilo tumelisikia hata kwa waamini wema, na hatulidharau, kwa maana Rwanda ya mwaka 1994 ilionyesha redio inavyoweza kuchochea mauaji ya kimbari. Lakini tuulize: katika orodha tuliyoitaja, nani alikuwa akiwaita watu wakauane? Gwanda aliandika kwamba watu wanauawa. Mwangosi alikuwa akifuatilia mkutano wa siasa. Amani inayohitaji kuwanyamazisha watu wa namna hii ni ukimya tu. Kanisa katika hati ya Mtaguso, Inter Mirifica, ya Desemba 1963, lilifundisha kwamba jamii ina haki ya kupashwa habari, mradi habari hizo ziwe za kweli na zitolewe kwa haki na upendo. Aliye na haki hiyo ni mvuvi wa Kimbiji sawasawa na waziri.

Hata hivyo tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapa, kwa sababu baba yule alisema neno la pili, nalo ndilo linalotuuma zaidi: ombaomba wa wakubwa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukihudumu, tulifanya harambee ya paa la kanisa. Mgeni rasmi alikuwa mwanasiasa, naye alikuja na waandishi wake katika gari lake. Wajane wa jumuiya mbili walikuwa wameuza kuku na mihogo miezi mitatu kupata mchango wao. Shughuli ilipokwisha, mwandishi mmoja alitufuata nyuma ya sakristia akauliza habari ya "nauli". Tulimwita mweka hazina, tukatoa bahasha. Habari ilipotoka ilimhusu mgeni rasmi mwanzo hadi mwisho: alichoahidi, alichokisema juu ya wapinzani wake, suti yake katika picha. Wajane hawakutajwa, na ahadi yenyewe haikutimizwa mpaka tulipohamishwa. Hakuna aliyeandika kwamba haikutimizwa, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na bahasha.

Tulimlaumu sana mwandishi yule, hadi tulipojiuliza ni nani aliyetoa bahasha ile. Ni sisi. Tulinunua sifa kidogo kwa ajili ya parokia, kwa fedha za sadaka, na aliyelipwa alifanya kazi ya aliyemlipa zaidi.

Wapo wanaotetea bahasha kwa kusema kwamba mwandishi wa mkoani hana mshahara, hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na malipo hayo hayatoshi hata nauli. Ni kweli, na ni dhambi ya wenye vyombo. Mmiliki anayejenga maghorofa huku mwandishi wake akila kwa wanaoandikwa anamwibia mara mbili: anamwibia ujira, na anamwibia uhuru wa dhamiri. Lakini umaskini wa mwandishi hauifanyi habari ya kununuliwa kuwa ya kweli. Na sheria inayotaka kila mwandishi awe na ithibati na kitambulisho cha bodi haitaliponya jambo hili. Diploma haina uwezo wa kuurudisha mkono ulionyoshwa. Tangu mwaka 1995 waandishi wenyewe wanalo Baraza la Habari Tanzania lenye kanuni za maadili zilizo wazi. Kinachokosekana ni wahariri na wamiliki walio tayari kupoteza tangazo ili kuzitii.

Kwa Bwana Ulimwengu tunalo dai moja, nalo tunalitoa kwa heshima. Miaka hii wengi humsoma katika safu yake ya Kiingereza ndani ya The EastAfrican. Gazeti hilo halifiki kwenye genge la Kimbiji, na hata likifika nani atalisoma? Mashitaka mazito dhidi ya watawala, yakiandikwa kwa lugha ambayo wanaotawaliwa hawaielewi, huwafikia washitakiwa peke yao. Mwenye Kiswahili kizito kama chake ana deni kwa wananchi wa kawaida, na deni hilo si lake peke yake.

Maana sisi wa pwani hii tunajua gharama ya kukosa habari. Mwaka 2008 ulipotangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni, wakati huo tukiwa bado chini ya Temeke, wenye maeneo yaliyoguswa walizuiwa kuyaendeleza kwa miaka kadhaa, wakisubiri fidia na ramani. Watu waliishi kwa uvumi. Dalali mmoja alisema serikali itachukua yote, mwingine akasema ameiona ramani kwa macho yake. Wazee waliuza mashamba ya minazi na mikorosho kwa bei ya kutupa, wakihofia kukosa hata hicho kidogo. Baadaye wakala uliokuwa umeundwa kuusimamia mji huo ulivunjwa. Aliyeuza hakurudishiwa shamba. Magazeti yalichapisha michoro ya maghorofa na hotuba za mawaziri. Mwandishi wa kukaa siku tatu vijijini, akasoma tangazo la serikali na kuwaeleza watu kwa Kiswahili chepesi haki zao ni zipi, alikuwa adimu kuliko mvua ya Agosti. Hapo hapakumwagwa tindikali wala kufungiwa gazeti. Ilikuwa ni kazi tu isiyofanywa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuilipia bahasha.

Basi jibu letu kwa baba ni hili: hofu yako ni ya haki, lakini ukimzuia mwanao mwenye dhamiri, nafasi yake haitabaki wazi, itajazwa na asiye nayo. Na kwako kijana: nenda, ukijua unakokwenda. Jifunze kusoma bajeti, hukumu na ramani ya ardhi kabla ya kujifunza kushika kipaza sauti. Ukipewa bahasha irudishe mbele ya mashahidi.

Nasi tunaobaki tuna wajibu wetu. Kuanzia sasa parokia hii haitatoa bahasha kwa mwandishi yeyote, hata siku ya sherehe ya somo wetu, hata kama hakuna atakayetuandika. Maji na chakula atapata kama mgeni mwingine. Kila jumuiya inaombwa kununua gazeti moja kwa juma na kulisoma pamoja, ikiuliza swali moja: habari hii imelipiwa na nani? Na anayepokea fulana na kilo ya mchele wakati wa kampeni asije kwetu kulalamika kwamba waandishi wamenunuliwa.

Tunawatakia juma jema. Tuwaombee waandishi walio kazini, na familia ya Azory Gwanda ambayo bado inasubiri.