Tuufahamu Mranaha Kabla ya Kuung'oa

Wengi wetu husema kuwa kung'oa magugu si elimu bali ni adhabu. Nami nilisema hivyo mpaka Januari iliyopita.

Mama alinituma mboga. Nikachuma kando ya njia iendayo Lumbadzi, palipochimbwa udongo wa matofali, nikarudi na fungu zuri. Mama akalifungua, akanusa, akatupa majani nusu nzima, kisha akaniuliza shuleni nafundishwa nini. Nina miaka 19, nami nilikuwa nimechanganya mchicha na mranaha!

Kosa hilo huua. Mwaka 2019, huko Karamoja katika Uganda, watu kama 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa msaada ulioonekana kuwa na sumu ile ile ya mranaha. Sisi wa Dzaleka hatuhitaji kuelezwa unga wa msaada ni kitu gani. Mbegu mbaya husafiri ndani ya gunia. Hata lile gugu la Urusi, ambalo likikauka hukatika shinani na kubingirishwa na upepo, liliingia Marekani katika miaka ya 1870 limejificha ndani ya mbegu za kitani.

Hapa kwetu jina pekee halisaidii. Mkongo husema lengalenga, Mtanzania mchicha, wenyeji bonongwe, na mboga ni ile ile. Yafaa tutazame mmea wenyewe. Mranaha mchanga una jani laini linalodanganya. Likikua, pindo zake huwa na meno. Ukilifikicha hutoa harufu mbaya, na hiyo ndiyo alama niliyoipuuza. Ua lake ni kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda ni la mviringo lenye miiba, likikauka hupasuka mara nne. Aliyeula hukauka kinywa, mboni zikapanuka, akaanza kuweweseka. Huyo apelekwe hospitali upesi, wala asingojwe apone.

Basi naomba tuache mranaha mmoja ndani ya ua wa miti, kando ya tuta la mchicha, wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza waoneshwe yote miwili. Mwenzangu mmoja anapinga, asema si vema shule kufuga sumu. Namjibu kwamba tayari tunaifuga. Upo mmoja nyuma ya jiko letu, na juzi ulikuwa na maua mawili.