Watunga Programu Wajifunze Maunzi

Tunao vijana, hapa Tanga na ng'ambo ya pili Pemba na Unguja, waliokwisha kujua kutunga programu za kompyuta. Ni jambo la fahari. Lakini programu hizo huendeshwa kwa chipu zilizobuniwa nchi za mbali. Tunawahimiza basi wapige hatua ya pili: wajifunze lugha za kuelezea maunzi, ambazo kwazo saketi huandikwa kwa maneno badala ya kuchorwa.

Lugha hizo zina umri. Verilog ilizuka mwaka 1984. VHDL, iliyoanzishwa kwa agizo la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliwekewa kanuni rasmi mwaka 1987.

Mtunga programu asidanganywe na sura yake. Programu ni amri zinazofuatana, moja baada ya moja. Saketi ni kama kiwanda cha mkonge: korona inasinga majani, wakati uleule nyuzi zilizotangulia zinaanikwa uwanjani, na zilizokauka zinapigwa brashi. Wote wamo kazini kwa pamoja, nayo saa ndiyo inayowapigia mwendo. Kitanzi ambacho katika programu hurudia kazi mara nane, katika saketi huzaa vifaa vinane vinavyofanya kazi kwa mara moja. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kurudi kwenye alifu: ajue milango ya mantiki na mapigo ya saa, achore kwanza, ndipo aandike.

Wako watakaolalamikia gharama. Hofu hiyo si mpya. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Lakini leo Icarus Verilog na GHDL hupatikana bure, na saketi hujaribiwa ndani ya kompyuta ya kawaida kabla ya senti moja kutumika kununua chipu.

Tunawaomba wakuu wa elimu, Bara na Visiwani, wakipe somo hili nafasi katika vyuo vya ufundi, pamoja na walimu na saa za kutosha. Bomba la mafuta ghafi la kilometa 1,443 kutoka Hoima kikomo chake ni Chongoleani, na mitambo ya namna hiyo hudhibitiwa kwa elektroniki. Itakuwa aibu vijana wetu wakiambulia ulinzi wa lango tu, ilhali ufundi wenyewe unafundishika.

Wahenga walikwisha kutuonya: mtegemea cha nduguye hufa maskini.